Kocha wa Bumbu na Jina Lisilotajwa

Saa tisa na nusu alasiri, mvua ya mji wa Lae inanyesha kama ilivyonyesha jana, na Kepas Undake anafagia kiwanja. Hafagii majani. Anafagia maji. Anayasukuma kwa ufagio wa chelewa uliokwisha nusu, kutoka kwenye goli la upande wa mto mpaka mtaroni, na akigeuka anakuta mengine yameshajaa pale pale alipotoka.

"Nikiacha watacheza tu," anasema bila kuinua kichwa. "Ila mpira hausogei. Unaupiga, unakaa hapo unakutazama."

Ana miaka thelathini na sita, lakini ukimwona saa hizi utamwongezea kumi. Ametoka zamu ya usiku asubuhi hii katika kiwanda cha samaki wa makopo, ambako kazi yake ni kumchuna jodari aliyechemshwa na kumtoa miba. Amelala mpaka saa saba, kama kule ni kulala, maana nyumba yake ni ya mabati na mbao nyembamba, na majirani wa mtaa wa Bumbu hawajui kunong'ona. Anapiga miayo mpaka machozi yanamtoka, anayafuta kwa mkono unaonuka samaki, kisha anaendelea kufagia.

Vijana wanaanza kufika mmoja mmoja, viatu vimening'inia shingoni visije vikalowa kabla ya wakati. Vifuu vya nazi vilivyopakwa chokaa vinapangwa mstari. Ndizo koni za timu hii. Kocha anapuliza filimbi, na mara kiwanja kizima kinampigia kelele mtu mmoja.

"Shemeji, huku!" anaita beki. "Shemeji, geuka!" anaita kipa. Mama anayeuza popoo za kutafuna chini ya mwavuli nyuma ya goli naye hataki kupitwa: "Shemeji, toa mpira, unaulea wa nini?"

Anayeitwa ni kijana mrefu wa miaka kumi na sita, kiungo wa kati, mtu wa maneno machache na miguu myepesi. Mgeni akipita hapa atadhani ameoza dada zake kwa mji mzima. Sivyo. Dada yake ni mmoja tu, anaitwa Julinda, na aliyemwoa ni mmoja tu, naye ndiye huyu mwenye ufagio.

Kijana ana jina lake, tena la ubatizo, na limeandikwa vizuri kwenye daftari la shule. Halimo katika habari hii. Kepas aliomba lisiandikwe, kwa sababu gazeti likifika Bumbu yeye ndiye huwasomea majirani kwa sauti, na hapo angekwama mbele za watu. Mwandishi wa habari hii hakuona sababu ya kumkatalia.

Kwa watu wa milima ya Kabwum, alikotoka Kepas, ndugu wa mke hatajwi jina. Hulitaji ukiwa na hasira, hulitaji ukiwa na furaha, hulitaji hata kama ni la mtu mwingine mwenye jina hilo hilo. Na yeye vilevile hakutaji wewe. Wapo waliozaliwa hapa mjini ambao hawajali tena, wanaitana na wakwe zao majina waziwazi kama watu wa redioni. Kepas hayumo katika hao.

"Watu wanafikiri tunaogopa uchawi," anasema. "Bibi yangu alikuwa akituambia meno yatang'oka. Haya, meno yangu mimi popoo imeshayamaliza, nimebaki na nini cha kuogopa? Ni heshima tu. Walinipa dada yao. Nikilitamka jina lake hadharani, ni kama nimemvua nguo mbele za watu."

Heshima hiyo ilimkosesha leseni ya ukocha mara ya kwanza. Mwaka huu ilitaka kumkosesha tena, na safari hii si yeye peke yake ambaye angeumia. Ligi ya vijana ya mkoa imetoa amri kwamba timu isiyo na kocha mwenye leseni ya daraja C haitakanyaga uwanjani. Vijana ishirini na mmoja wa Bumbu, ambao shule nyingi zimeshawaona watoro na polisi wanawaona wezi watarajiwa, walikuwa wakimsubiri mtu mmoja afaulu mtihani.

Ukocha wenyewe Kepas hakuutafuta. Alikuwa beki wa timu ya kiwanda mpaka goti lilipokataa. Baada ya hapo akawa mtu wa kukaa mlangoni na kutafuna popoo, huku watoto wa mtaani wakipiga chupa ya plastiki mbele ya nyumba yake na kuigonga kwenye bati alipokuwa anajaribu kulala. Siku moja alitoka amefura kwenda kuwafukuza. Akawakuta wanabishana kama ile ilikuwa kona au la, akawaamulia, na kesho yake walikuja kumgongea mlango waamuliwe tena.

"Nikasema bora niwapeleke kiwanjani mbali na usingizi wangu," anasema. "Hiyo ndiyo habari ya mwanzo. Nilitaka kulala tu."

Hakujua kufundisha. Miezi ya mwanzo aliwakimbiza tu kuzunguka kiwanja, raundi baada ya raundi, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye. Mama mmoja alimfuata pale pale mstarini, akamwuliza kama anafundisha mpira au anafuga farasi. Watoto wakaanza kupungua. Ndipo mchungaji wa Kilutheri wa mtaa wao alipomwambia kuna kozi ya awali ya siku moja, ya bure, na chakula cha mchana kipo. Kepas anakiri kwamba chakula ndicho kilichompeleka.

Kule alijifunza jambo ambalo mpaka leo analisimulia kwa mshangao: mtoto anakuja kiwanjani kucheza na mpira, basi mpe mpira. Alijifunza kupanga watoto wanne wanne, kugawa kiwanja vipande vidogo, kunyamaza kidogo na kuwatazama. Lakini lililomkaa zaidi ni la mwanzo kabisa wa siku. Mkufunzi aliwasimamisha washiriki wote, mmoja mmoja, kila mtu ataje jina lake na jina la mtu aliyemfundisha mpira. Kepas alimtaja marehemu Mzee Lukas Gware, kocha wake wa kiwandani, mtu mkali aliyewahi kumpiga kwa kandambili. 

"Sikujua kama ninampenda yule mzee," anasema. "Jina lilipotoka tu, nikajua."

Cheti cha awali kiko ukutani mpaka leo, kimefunikwa nailoni ili kisilowe. Wakati ule ndipo Shemeji aliposhuka kutoka milimani, mtoto wa miaka tisa mwenye bilum moja mgongoni, mfuko wa kusuka uliojaa viazi vitamu vya kumletea dada yake. Mama yao alikuwa amefariki, na Julinda alitaka mdogo wake asome mjini. Kepas akamlisha, akamvalisha, akamnunulia viatu vya kwanza vya mpira vilivyomzidi namba mbili. Ukimwuliza kama ni mwanawe atakwambia hapana, na atakukazia macho.

"Mwana unamkaripia. Huyu simkaripii. Ni shemeji yangu."

Kumkaripia hakumkaripii, na kumwita jina hawezi, kwa hiyo uwanjani akabuni njia yake. Alimpigia mluzi. Milio miwili, wa pili unapanda. Kijana akiusikia popote alipo anageuka, mpira anao au hana. Miaka ikaenda, mtoto akakua akawa kiungo wa kati, na timu nzima ikacheza kupitia miguuni mwake. Wachezaji wengine waliitwa majina. Huyu aliitwa kwa mluzi, na hakuna aliyeona ajabu, mpaka siku ya mtihani.

Kozi ya daraja C ni jambo jingine. Kuna darasani, kuna sheria za mchezo, kuna huduma ya kwanza, kuna namna ya kumlinda mtoto, na mwisho kuna mazoezi ya vitendo ambayo mkufunzi anakutazama huku amebeba karatasi yake. Ada yake ilikula mshahara wa Kepas wa wiki mbili, kina mia nne za fedha ya huku, na Julinda akaongeza pesa za kuuza maandazi sokoni. Kiwanda hakikumpa likizo. Usiku alichuna jodari, mchana alikaa darasani, na alilala mezani mara nyingi mpaka wenzake wakamwekea kiti cha mbele kabisa ili aone aibu. Akalala mbele vilevile.

Mkufunzi alikuwa Bi Konio Rarua, mwanamke wa Kimotu kutoka Port Moresby, mji mkuu, aliyewahi kuichezea timu ya taifa na asiyependa mchezo kwenye kazi. Siku ya vitendo kila mshiriki alileta vijana wake mwenyewe. Kepas aliwaleta wa kwake, akawapanga, akaanza vizuri. Aliwaita mabeki kwa majina, kipa kwa jina, mawinga kwa majina. Ilipofika katikati, akapiga mluzi. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu.

Bi Konio alisimamisha zoezi. Alimwambia mbele ya darasa zima kwamba mchezaji hapigiwi mluzi kama mbwa, na kwamba kocha asiyejua jina la kiungo wake ni bora akae na watazamaji. Washiriki wengine walicheka. Mmoja wao, wa huko huko Kabwum, hakucheka, alitazama chini. Kepas angeweza kueleza. Midomo ilikuwa yake. Hakusema kitu.

"Nilichoka," anasema, kama hilo ni jibu. Halafu anaongeza: "Na niliona haya. Nianze kueleza mambo ya ukwe kwa mgeni, huku mwenyewe kasimama pale anasikiliza? Nikaona afadhali nifeli."

Akafeli. Kwenye vipengele vingine alifaulu, lakini kile cha kuwajua na kuwaita wachezaji kwa majina kilikuwa cha lazima.

Aliyeanzisha neno Shemeji ni kipa wa timu, kijana mmoja anaitwa Wesdi Mambu, ambaye mdomo wake huwa unafika langoni kabla ya mikono. Baada ya mtihani ule vijana walikuwa wamenywea. Katika mazoezi ya kesho yake Wesdi alitaka mpira urudishwe kwake, akapaza sauti: "Shemeji, rudisha!" Wote wakaangua kicheko. Kocha akamwita kando, akamwambia aache utani, yule si shemeji yake.

Wesdi akamjibu: "Kocha, wewe ulipomwoa dada yake, tumemwoa sote. Au tungekuwapo harusini tusingekula?"

 Ndani ya mwezi mmoja timu nzima ilikuwa inasema Shemeji, halafu wapinzani, halafu mama wa popoo. Wapo watoto wadogo pale kiwanjani ambao wanaamini ndilo jina alilobatizwa. Na kwa kuwa sasa ni neno la kila mtu, Kepas naye akaanza kulitumia kwa sauti, jambo ambalo zamani lingemtia haya. Mluzi ukapumzika.

Mwaka huu, amri ya ligi ilipotoka, Kepas alijiandikisha tena kwa Bi Konio yule yule na karatasi ile ile. Kipengele cha majina hakikuwa kimebadilika. Wiki ya mtihani Julinda alimshauri jambo la akili: siku ya vitendo kijana mwingine acheze katikati, mdogo wake akae nje, siku moja tu. Kepas hakukubali wala hakukataa. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini jikoni, lakini ukuta ule ni mbao nyembamba, na upande wa pili alikuwa amelala mtu ambaye hakuwa amelala.

Asubuhi ya mtihani Shemeji hakutokea.

Kepas alitoka kazini moja kwa moja, hajabadilisha hata buti za mpira za kiwandani, akakuta vijana wamejipanga na katikati yao pana pengo. Akauliza. Wakatazamana. Wesdi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe labda, hakuwa na neno. Ikabidi katikati awekwe Jaksen, beki mwenye roho nzuri na miguu mizito, na zoezi likaanza.

Lilikwenda ovyo. Zoezi lenyewe lilitegemea kiungo apokee mpira akiwa ameupa mgongo uwanja, ageuke, auchape pembeni. Jaksen aliupokea, aligeuka, na mpira ulibaki nyuma yake kwenye dimbwi. Wakarudia, ikawa vilevile. Mvua ikazidi. Bi Konio aliandika kitu kwenye karatasi yake chini ya mwavuli, akamwambia Kepas ana nafasi ya kurudia mara moja tu, ajipange.

Hapo ndipo Kepas alipoinua macho akaona, ng'ambo ya uzio wa waya, miongoni mwa wauza popoo na miavuli yao, kijana mrefu amejifunika bilum kichwani, anajifanya mnunuzi.

Mama wa popoo aliyekuwa karibu ndiye aliyemsimulia mwandishi yaliyosemwa pale uzioni, maana wahusika wenyewe hawakutaka. Anasema kocha alikuja akasimama upande wake wa waya, maji yanamchuruzika. Kisha kocha akasema, "Shemeji, ingia."

"Watakufelisha tena."

"Wanifelishe."

"Timu je?"

Kocha akajifuta maji usoni. Akasema timu bila mtu wa katikati si timu, na kwamba yeye amechoka sana, hana nguvu ya kusimama mvuani akibembeleza. Kijana akatua bilum yake kwenye meza ya popoo, akaruka uzio.

Kabla ya kupuliza filimbi, Kepas alimwendea Bi Konio. Hakumsogeza pembeni. Alisema mbele ya darasa, kwa sauti ile ile ya kizee aliyo nayo akitoka zamu:

"Mwalimu, yule pale ni ndugu wa mke wangu. Jina lake halitatoka kinywani mwangu mpaka nazikwa. Mara ya kwanza sikukwambia, kosa ni langu. Kama ni lazima nilitaje ndipo nipate leseni, basi andika sasa hivi kwamba nimefeli, tusipotezeane muda kwenye mvua."

Yule mshiriki wa Kabwum ambaye safari ile alitazama chini alikuwapo tena, naye pia akirudia mtihani, kwa sababu nyingine. Ndiye aliyesimulia yaliyofuata. Bi Konio alimtazama Kepas, akaitazama karatasi, akaipindua kana kwamba nyuma pameandikwa la kufanya. Halafu akasema tu, "Anza."

Wakaanza. Safari hii mpira ulipita. Ulifika katikati, ukageuzwa, ukaenda pembeni, ukarudi. Wesdi alipata mdomo wake tena na kiwanja kikawa cha Bumbu, kelele tupu. Shemeji alikuwa na mpira mguuni, ameupa mgongo mstari, wakati Bi Konio alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliangalia orodha ya wachezaji, akatafuta namba nane, na akaliita jina la kijana. Jina lake lenyewe, lote, kwa sauti ya mtu aliyezoea viwanja vikubwa.

Kepas aligeuza uso pembeni. Vijana wa pembeni waliganda. Kijana hakugeuka.

Akaliita tena, kwa nguvu zaidi. Mpira ulikuwa mguuni mwa Shemeji, Shemeji alikuwa akitafuta njia, na jina lile lilipita juu yake kama si lake.

"Shemeji," alisema Kepas. Hakupaza sauti.

Kijana akainua kichwa, akageuka, akauchapa mpira pembeni, winga akaukuta.

Bi Konio aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, wino ukichuruzika, kisha akafunga karatasi yake kwenye nailoni na kuwaambia wakaote moto. Kepas hakuthubutu kuuliza. Alirudi nyumbani akalala na buti miguuni, na Julinda anasema hakumwamsha hata kwa chakula.

Matokeo yalikuja wiki tatu baadaye. Amefaulu. Mwandishi alimpigia simu Bi Konio huko Port Moresby kutaka maelezo, naye akajibu kwa kifupi kwamba kipengele kinamtaka kocha awaite wachezaji kwa majina, na kwamba yeye alikuwa pale na masikio yake, akasikia mchezaji akiitwa na akamwona akiitika. Alipoulizwa kuhusu ule mluzi wa safari ya kwanza hakujitetea. "Mwambie lile neno la mbwa limenikaa," alisema. "Mwambie hivyo."

Kepas ameambiwa. Aliitikia kwa kichwa na kuomba popoo.

Leseni iko ukutani sasa, jirani na kile cheti cha kwanza, nayo imevishwa nailoni. Haijabadilisha mengi. Kiwandani bado ni zamu ya usiku na jodari ni yule yule. Mipira ya mazoezi ni mitatu, mmoja hautunzi upepo. Baadhi ya timu za mjini, ambazo makocha wake wana magari, bado zinawaita vijana wa Bumbu "makopo" wakipita, na vijana wa Bumbu bado wanajibu kwa lugha ambayo gazeti hili haliwezi kuichapa. Lakini Jumamosi iliyopita walisajiliwa ligini, majina yote ishirini na moja, na Wesdi ameshatangaza mtaani kwamba kombe lao watalitumia kupikia wali.

Ukimwuliza Kepas kuhusu daraja B, anacheka kwa pua. Kozi ni Port Moresby. Barabara ya kwenda huko hakuna, ni ndege, na ndege ni pesa, na hata pesa ikipatikana msimamizi wa zamu atamcheka. "Labda goti likipona," anasema, ingawa goti na ndege havihusiani. Ni namna yake ya kusema tusiongee hayo leo.

Analolipanga ni jingine. Huu ni msimu wa mwisho wa Shemeji kwenye timu ya vijana. Mwakani atakuwa amevuka umri, na mtoto wa Bumbu aliyevuka umri bila kazi ya kufanya jioni, kila mtu anajua anakoishia. Kwa hiyo Kepas anataka ampeleke kwenye ile kozi ya awali, ya siku moja, yenye chakula cha mchana. Arudi amsaidie na wale wadogo wa miaka minane ambao wameanza kuja wenyewe, hawajaalikwa na mtu, na wanapiga chupa nyuma ya goli wakisubiri kuonwa.

"Mimi nitafagia maji," anasema. "Yeye afundishe. Ana subira kunishinda. Mimi nimebakiwa na ufagio tu."

Mwandishi alikumbuka ile desturi ya mwanzo wa kozi, washiriki kusimama na kumtaja aliyewafundisha. Akamwuliza Kepas kama amelifikiria hilo. Kocha aliacha kufagia. Ilionekana alikuwa amelifikiria, tena si mara moja. Alisema kijana hawezi kumtaja, yeye ni shemeji yake vilevile, mambo haya ni ya pande zote mbili. Alisema si kitu. Alisema watu wengi wamefundishwa na watu wasiotajwa popote. Kisha akachukua ufagio wake akaenda mpaka upande wa pili wa kiwanja, ambapo kwa kweli hapakuwa na maji mengi hivyo.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mti akifunga viatu, na alikuwa amesikia. Aliulizwa kwanza kuhusu siku ya mtihani: Bi Konio alipomwita jina lake mara mbili, kweli hakusikia? Kijana aliendelea na kamba za viatu.

"Mvua," alisema.

Na kule kwenye kozi, wakimsimamisha na kumwuliza ni nani aliyemfundisha mpira, atajibu nini?

Hili alilifikiria. Alimaliza kiatu cha kushoto, akamaliza cha kulia, akavuta soksi juu, akatazama mbali kule upande wa pili wa kiwanja ambako mtu mmoja mwenye buti za kiwandani alikuwa ameinama, amewapa mgongo, anasukuma maji yaliyokuwa yakirudi.

"Nitapiga mluzi," akasema.

Akaupiga. Milio miwili, wa pili unapanda. Kule mwisho wa kiwanja, mvuani, Kepas Undake akainua kichwa, akageuka.